Kukarabati nyumba na kuchonga samani: mtoto akiwa tumboni, mgongoni na sakafuni

Wazazi wengi huanza na kile kinachopendeza macho: kitanda cha mtoto, rangi ya ukuta, rafu ya vitabu yenye umbo la twiga. Nami nilianza hivyo hivyo. Rafu ilikuwa tayari miezi miwili kabla, imepakwa vanishi inang'aa, huku rangi kuukuu ya madirisha ikiendelea kubanduka magamba. Kazi hiyo ya magamba ikabidi ifanywe mtoto akiwa na wiki sita, tumehamia chumba cha ndugu, vumbi limeingia mpaka kwenye nepi.

Tangu hapo ratiba naipanga kwa kufuata mwili wa mtoto. Akiwa bado tumboni, maliza kila kazi yenye vumbi na harufu. Miezi mitatu ya mwanzo hulala ulipomlaza, kwa hiyo ni wakati wa kazi ndogo za bisibisi. Karibu na mwezi wa nne anaanza kujigeuza, wa sita anakaa, kati ya wa saba na wa kumi anatambaa, na karibu na wa tisa anashika ukingo wa kitu na kujivuta asimame. Kutembea huja karibu na mwaka. Huo ni wastani tu, wapo wanaokurupuka mapema. Kabati zote ziwe zimefungwa ukutani kabla hajafikisha miezi sita, na geti la ngazi liwe limesimama kabla hajatambaa.

Hatua ya kwanza: piga magoti

Chukua chaki, shuka chini, tambaa chumba kwa chumba. Usiinuke. Kila unachokifikia kwa mkono kutoka sakafuni hadi kama mita moja, kitilie alama. Utaona vitu ambavyo hujawahi kuviona kwa miaka uliyokaa humo: msumari uliochomoza chini ya meza, kamba ya pazia inayoning'inia, soketi nyuma ya kochi, upande wa chini wa kabati uliochanika vijiti.

Kamba za mapazia zishughulikie siku hiyo hiyo, kwa sababu hazihitaji ufundi. Kitanzi cha kamba kikimkaa mtoto shingoni hakimpi nafasi ya kulia. Kata kitanzi, fupisha, funga juu asipofika, wala kitanda chake kisikae karibu na dirisha. Madirisha ya ghorofani yawekee kizuizi yasifunguke zaidi ya sentimita 10, ila mtu mzima aweze kukiondoa upesi moto ukitokea.

Tembea pia na bomba la karatasi ya chooni. Kitu chochote kinachopita ndani ya bomba hilo ni kidogo kiasi cha kumkaba mtoto: kifuniko cha skrubu, kishikio cha droo kilicholegea, mpira wa mguu wa kiti. Si kipimo cha maabara, lakini kinakosea upande wa usalama.

Hatua ya pili: kazi chafu

Rangi ya zamani ndiyo inayonitia hofu kuliko msumeno wowote. Rangi za nyumba zilitiwa madini ya risasi kwa miongo mingi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zilichelewa zaidi. Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima kutoka kwenye kiasi kile kile alichomeza, na madhara yake huenda kwenye ubongo unaokua. Hupita hata kwenye kondo, kwa hiyo mama mjamzito asikaribie kazi hii kabisa, hata ya kufagia.

Kama nyumba ni ya zamani na hujui historia ya rangi yake, ichukulie kuwa ina risasi mpaka ipimwe. Rangi iliyoshika vizuri ukutani, isiyobanduka, iache ilipo na upake mpya juu yake. Inayobanduka, ikwangue ikiwa imeloa: nyunyizia maji, kwangua, nyunyizia tena. Usiipige msasa mkavu na usiichome kwa moto, kwani moshi wake una risasi pia. Pale inaposuguana, kama kwenye fremu ya dirisha la kupandisha na kushusha, ni afadhali kung'oa fremu nzima. Eneo likiwa kubwa, tafuta fundi aliyesomea kazi ya risasi.

Chumba unachofanyia kazi kizibe kwa nailoni mlangoni, juu na pembeni, kwa utepe wa gundi. Nailoni nyingine itande sakafuni. Barakoa iwe ya kuchuja vumbi laini. Ile ya kitambaa haisaidii. Ukimaliza, kunja nailoni ya sakafuni kwa ndani kama unavyokunja nepi iliyotumika, futa kila kitu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha badili maji ufute tena. Ufagio mkavu unarusha tu vumbi liende kutua kwingine. Nguo za kazi zivuliwe mlangoni na zifuliwe peke yake.

Mabati au vigae vya zamani vyenye asbesto visikatwe, visitobolewe, visivunjwe. Hapo hakuna cha kujifunza nyumbani.

Rangi mpya iwe ya maji, yenye harufu ndogo. Kukauka kwa kuguswa huchukua saa chache, lakini kukomaa kabisa kunaweza kuchukua wiki tatu hadi nne. Hesabu wiki hizo kabla ya mtoto kulala humo, madirisha yakiwa wazi.

Hatua ya tatu: kuchagua mbao

Mbao ngumu isiyo na nyufa wala mafundo makubwa ndiyo ya kutafutwa kwa chochote ambacho mtoto atakishika au kukitafuna, naye atakitafuna. Ipapase kwa kiganja kwa kwenda na kurudi; mbao inayotoa vibanzi kirahisi iache iwe rafu ya stoo.

Mbao za makasha ya mizigo watu wanazipenda kwa kuwa hupatikana bure. Tazama muhuri wake. Herufi HT maana yake imepashwa joto kuua wadudu. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromaidi, na hiyo isiingie chumbani kwa mtoto. Isiyo na muhuri huijui. Hata yenye HT huenda ilimwagikiwa kemikali njiani, hivyo binafsi naziacha zote zibaki bustanini. Mbao za kijani zilizotibiwa miaka ya nyuma nazo zilikuwa na aseniki. Marekani iliacha kuzitumia kwa ujenzi wa makazi mwishoni mwa mwaka 2003. Nguzo ya uzio iliyong'olewa isigeuzwe kuwa samani.

Mbao za unga, zile za MDF, zimegandishwa kwa gundi inayotoa formaldehaidi, gesi yenye madhara. Ukizitumia, chagua za daraja la chini la utoaji, na kila ukingo ulioukata uzibe kwa rangi.

Hatua ya nne: funga kabati ukutani

Kabati la droo linasimama vizuri droo zikiwa zimefungwa. Mtoto anavuta ya chini, anakanyaga, anavuta ya pili ili ajishike. Uzito wa droo zote mbili na wa kwake umehamia mbele ya miguu ya kabati, na kabati linamwangukia. Haihitaji kabati refu. Marekani ilitunga sheria kuhusu jambo hili mwishoni mwa 2022, na vipimo vyake sasa huiga mzigo wa mtoto wa kilo 27 anayepanda. Kabati ulilochonga mwenyewe halijapimwa na yeyote, kwa hiyo lifunge.

Tumia vipande viwili vya chuma vyenye pembe, kimoja kila upande, juu kabisa. Upande wa kabati, skrubu ziingie kwenye mbao nene ya fremu, kamwe si ubao mwembamba wa mgongoni ambao umeshikwa na pini ndogo tu. Upande wa ukuta ndipo watu wengi wanapokosea. Kwa ukuta wa tofali, toboa kwa drili ya nyundo, ncha ya milimita 8 kwa kiplastiki cha milimita 8 (kile kinachozamishwa tunduni ili kiishike skrubu), na tundu liwe refu kidogo kuliko kiplastiki chenyewe. Toboa kwenye mwili wa tofali. Kiungo cha saruji kinaweza kubomoka. Vumbi la ndani litoe kwa kupuliza kupitia mrija, umefumba macho. Kiplastiki kikiingia kwa kidole bila kugongwa, tundu ni kubwa mno: sogea pembeni utoboe jingine. Ukuta wa ubao mwepesi unataka utafute mti wa fremu ulio ndani yake. Gonga kwa kifundo cha kidole mpaka sauti ibadilike toka tupu kuwa nzito, kisha hakikisha kwa msumari mwembamba.

Ukimaliza, fungua droo zote kwa pamoja, shika ya juu uivute kuelekea kwako kwa nguvu. Kabati lisitikisike hata kidogo. Fanya vivyo hivyo kwa rafu za vitabu na meza ya televisheni. Vitu vizito vyote viende droo za chini, na kitu kinachomvutia mtoto kisiwekwe juu ya kabati.

Hatua ya tano: geti la ngazi

Hii ndiyo kazi ninayoipenda, na inawezekana kwa msumeno wa mkono, drili, patasi, guni (kipimo cha pembe mraba), msasa na gundi nyeupe ya mbao. Nachukulia uwazi wa sentimita 80. Wako ukitofautiana, hesabu inabadilika kwa njia ile ile.

Acha milimita 4 kila upande. Nyufa za kati ya milimita 5 na 12 ndizo zinazonasa vidole, kwa hiyo ziwe chini ya 5 au ziruke 12. Geti litakuwa na upana wa sentimita 79.2. Nguzo mbili za kusimama zina upana wa 4.5 kila moja, unene wa 3. Ndani zinabaki 70.2. Fimbo za duara zenye kipenyo cha sentimita 2, tisa kwa idadi, zinakula 18. Zinabaki 52.2 zigawanywe kwa nafasi kumi: sentimita 5.22 kila moja. Nafasi isizidi 6, kwani juu ya hapo mwili wa mtoto huweza kupita na kichwa kikanasa. Kwa fimbo nane ungepata 6.02. Hiyo tayari imevuka mpaka, na mbao nazo hucheza zikikauka.

Kata nguzo mbili za sentimita 71. Geti litakaa sentimita 4 juu ya sakafu, hivyo kimo ni 75. Kiwango cha Ulaya kinataka angalau 65. Kata mbao mbili za kulala, sentimita 75.2 kila moja, kwani kila ncha itakuwa na ulimi wa sentimita 2.5 unaozama kwenye nguzo. Fimbo zikatwe sentimita 65: uwazi kati ya mbao ya juu na ya chini, kila moja ikiwa na upana wa 4.5, ni 62, na kila ncha ya fimbo inazama 1.5.

Sasa alama. Zibane mbao mbili za kulala pamoja, ubavu kwa ubavu, na uchore mistari ikipita juu ya zote mbili kwa mkupuo mmoja. Ukizipima kila moja peke yake, fimbo zitasimama kama meno ya mbwa mzee. Kutoka pale ulimi unapoanzia, tundu la kwanza liwe na kitovu kwenye 6.22, kisha ongeza 7.22 kila mara: 13.44, 20.66, na kuendelea mpaka la tisa kwenye 63.98. Hakiki kwa kupima kutoka upande wa pili. La tisa liwe 6.22 kutoka huko. Toboa kwa ncha ya milimita 20, huku utepe uliozungushiwa ncha hiyo ukikuonyesha kina cha milimita 15.

Chonga matundu ya ndimi kwenye nguzo kwa patasi, kidogo kidogo, ukijaribu ulimi kila baada ya dakika chache. Uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ukihitaji nyundo nguzo itapasuka. Ukiingia wenyewe, kiungo kitalegea.

Unganisha kwanza bila gundi. Kisha fungua, tia gundi matunduni, panga fimbo zote kwenye mbao ya chini, shusha ya juu ukianzia upande mmoja kama unayefunga zipu, mwisho nguzo. Kama huna vibanio, zungusha kamba mara mbili na uikaze kwa kupotosha kijiti katikati. Pima pembe kwa pembe: mishazari yote miwili iwe sawa. Ikitofautiana, sukuma pembe ya mshazari mrefu kabla gundi haijashika. Acha usiku kucha.

Usiweke ubao wowote wa kulala katikati, hata kwa urembo. Huo ni ngazi ya kupandia.

Kufunga: bawaba mbili nzito upande mmoja, komeo upande wa pili, lililo juu na nyuma ya mbao ambako mkono wa mtoto haufiki. Juu ya ngazi geti lifungwe kwa skrubu ukutani. Yale ya kubana kwa mkandamizo yanafaa kati ya chumba na chumba tu, maana yakisukumwa vya kutosha yanachomoka. Lifunguke kuelekea ukumbini. La kwangu la kwanza lilifunguka kuelekea ngazini, nami nikiwa nimembeba mtoto ilinibidi nirudi nyuma hatua moja kulipisha. Nyuma palikuwa na hewa. Nililigeuza jioni ile ile. Chini pasiwe na kizingiti, kwa kuwa wewe ndiye utakayejikwaa saa nane za usiku.

Ukiwa hapo, pima pia nafasi kati ya vyuma vya mkono wa ngazi. Zikizidi sentimita 10, ongeza fito au funika kwa ubao laini.

Hatua ya sita: kitanda, au sababu za kutokichonga

Nitasema wazi: kama hii ni kazi yako ya kwanza ya mbao, chonga geti, chonga rafu, kitanda nunua. Ni samani pekee ambamo mtoto huachwa peke yake kwa saa nyingi gizani, na kosa la sentimita moja lina uzito tofauti humo. Aliyerithi kitanda cha familia naye akikague kabla ya kukishukuru.

Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6. Godoro liwe gumu na lijaze fremu. Vidole viwili visipenye pembeni. Likiwa limeshushwa chini kabisa, toka kitako cha kitanda hadi ukingo wa juu iwe angalau sentimita 60. Nguzo za pembeni zisitokeze juu ya ukingo, na ubao wa kichwani usiwe na maua ya kukatwa yenye matundu. Vitanda vyenye ubavu wa kushuka vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto walionasa pale ubavu ulipoachia; ukirithi cha aina hiyo, kiwe mbao za kazi nyingine. Mito ya kuzungushia kitandani nayo ilipigwa marufuku huko mwaka 2022. Mtoto alazwe chali, kitandani pasiwe na mto, blanketi zito wala mwanasesere.

Kitako kishushe ngazi moja akianza kukaa, na chini kabisa kabla hajaanza kujivuta asimame.

Hatua ya saba: msasa, mafuta na karakana

Piga msasa namba 80, halafu 120, 180, na 240 kwa sehemu za kushikwa. Kona zote zivunjwe kwa tupa ya mbao ziwe za mviringo. Kabla ya msasa wa mwisho futa mbao kwa kitambaa chenye maji kidogo: nyuzi zitasimama, kisha zikate. Ukiruka hatua hii, mate ya mtoto yatazisimamisha.

Vumbi la mbao limo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani, kwa hiyo kazi ya msasa iwe nje, umevaa barakoa, na usimbebe mtoto kabla hujabadili shati. Kwa vitu vya kutafunwa, tafuta rangi iliyoandikwa kuwa inafaa kwa midoli. Mafuta ya kitani ni mazuri, lakini vitambaa ulivyopakia vikirundikwa hujipasha joto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vizamishe kwenye kopo la maji.

Nyumbani kwetu kuna sheria moja: mtu mmoja mtoto, mtu mmoja msumeno. Hakuna anayefanya vyote viwili, hata kwa dakika tano, hata kama amelala. Mashine ikiwekwa chini inachomolewa, au betri inatolewa. Skrubu ninazihesabu kabla na baada: nikitoa 24, zikatumika 20, lazima nne zionekane kwenye kopo. Sumaku iliyofungwa kwenye kamba na kuburuzwa sakafuni hukusanya zilizobaki. Pimamaji za kisasa na vipimo vya leza hutumia betri ndogo za kitufe. Ikimezwa, inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili. Ukishuku kuwa amemeza, kimbilia hospitali, usingoje dalili. Ndoo ya maji ya kuoshea brashi imwagwe mara moja, kwa kuwa sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha.

Kila mwezi pita na bisibisi: bawaba za geti, komeo, vyuma vya kabati. Mbao hulegeza skrubu kadiri majira yanavyobadilika. Geti huondolewa mtoto akiweza kulipanda au kulifungua, kwa kawaida karibu na miaka miwili, kwani anayeparamia geti huanguka kutoka juu zaidi. Matundu ya ukutani yazibe kwa plasta. Geti lenyewe nililitundika ukutani kwa kulilaza, na sasa fimbo zake tisa zinaanikia soksi.